MTENGENEZAJI NA MZIGO WAKE: NANI AZIONDOE KOMPYUTA ZILIZOKUFA?

Kando ya maabara yetu ya Fizikia kuna chumba ambacho wengi wenu hukipita kila siku bila kujua kimebeba nini. Mlango wake ni wa bati na kufuli lake limeshika kutu. Muhula uliopita mwalimu mlezi wa Chama cha Kiswahili alitutuma huko wanachama watatu kutafuta meza ya ziada ya siku ya mashairi. Meza hatukuipata. Tulizikuta kompyuta 27 zilizokufa, zile za kale ambazo kioo chake kimetokeza nyuma kama kisogo, printa nne, na katoni moja ya betri zilizofura hadi zikapasua maganda yake.

Tulipouliza, mzee wa stoo alitueleza kwamba kompyuta hizo zililetwa kama msaada, zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo miaka mingi. Siku zilipofika kulikuwa na hotuba, na wanakwaya waliimba. Kila mtu alijua zimeingiaje. Hakuna hata mmoja aliyeuliza zitatokaje.

Pengine utasema, "Si zikae tu humo, zinamla nani?" Nami ningesema hivyo hivyo, lau si jambo lililotokea likizo ya Agosti. Mtu ambaye hadi leo hajulikani alivunja dirisha, akakata nyaya zote alizozifikia, akaenda kuziwasha moto nyuma ya jiko ili plastiki iungue na shaba ibaki. Shaba ina soko kwa watu wa vyuma kuukuu. Wapishi wetu waliporudi walikuta jivu jeusi mahali pale pale wanapoanikia sufuria. Mmoja wao, mama ambaye sote twamwita Shosho, aliliokota jivu lile kwa mikono mitupu akalitupa shimoni kando ya sukumawiki. Sukumawiki hiyo tumeila.

Basi makala haya yanauliza swali moja tu: mzigo ule ni wa nani? Ni wa shule? Ni wa wafadhili walioileta? Ni wa kaunti? Au ni wa kampuni ambayo jina lake limechapishwa mbele ya kila kioo kwa herufi za fedha?

SUMU NA DHAHABU CHUNGU KIMOJA

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Kioo cha kompyuta au televisheni ya zamani kimechanganywa na madini ya risasi ili kumkinga mtazamaji na miale. Kikiwa kizima, risasi hiyo imetulia. Kikipondwa kwa nyundo, vumbi lake huingia udongoni na kifuani. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na wataalamu wa afya hawajapata kiwango chochote cha risasi mwilini wanachoweza kukiita salama. Katika vioo bapa vya awali mlikuwa na taa nyembamba zenye zebaki. Nyaya zilizovikwa plastiki zikichomwa motoni hutoa moshi wenye daioksini, sumu inayokaa mwilini kwa miaka. Friji kuukuu nazo zina gesi inayotoboa tabaka la ozoni, na ndiyo maana haifai fundi kuifungulia ikatoka hivi hivi hewani.

Ajabu ni kwamba ndani ya chungu hicho hicho mna mali. Ubao wa saketi una shaba, fedha na hata dhahabu kidogo kwenye ncha za maunganisho. Hapa ndipo balaa inapoanzia. Yule kijana wa kuokota huchukua kilicho rahisi kupata, yaani shaba na chuma, halafu kioo na plastiki huachwa mtaroni. Faida anayoipata mmoja ni ya siku moja. Hasara wanaipata wote, na inakaa.

Ukubwa wa jambo lenyewe si mchezo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 pekee dunia ilitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme na elektroniki. Kati ya hizo, zilizokusanywa na kuchakatwa upya kwa njia inayojulikana ni asilimia 22.3, yaani tani milioni 13.8 hivi. Kwa Afrika kiwango hicho hakifiki hata asilimia moja. Kweli sisi Waafrika twatupa kidogo kuliko wengine, kilo mbili na nusu hivi kwa kila mtu, lakini karibu chote tunachotupa huishia jalalani, au motoni.

Na hapa Kenya vifaa havipungui. Mwaka 2015 matangazo ya televisheni yalipohamia mfumo wa dijitali, familia nyingi ziliona bora kununua televisheni mpya bapa na ile yenye kisogo ikawa stuli ya sebuleni. Tangu mwaka 2016 serikali ilisambaza tabuleti zaidi ya milioni moja katika shule za msingi. Mpango mzuri. Mdogo wangu aliitumia moja, akafurahi, na sasa iko kabatini mwa mwalimu mkuu ikiwa na kioo kilichopasuka.

MSWIDI NA NENO GUMU

Kwa miaka mingi dunia ilichukulia kwamba mtengenezaji akishauza, yeye na bidhaa yake wameachana. Ikiharibika baada ya muda wa dhamana ni shauri la mnunuzi. Ikitupwa ni shauri la baraza la mji. Mwaka 1990 mtaalamu mmoja wa Uswidi, Thomas Lindhqvist wa Chuo Kikuu cha Lund, aliipelekea wizara ya mazingira ya nchi yake pendekezo lililogeuza fikira hiyo juu chini. Alisema wajibu wa mtengenezaji urefushwe hadi bidhaa itakapokufa: airudishe, aichakate upya, na agharimie maziko yake.

Kuipata istilahi ya Kiswahili ya jambo hili ilituchukua vipindi viwili vya chama. Mmoja alileta "wajibu uliopanuliwa wa mzalishaji", tukaona limenyooka lakini linakaba koo. Mwingine akaleta "dhima endelevu". Mimi niliunga mkono "wajibu uliorefushwa wa mtengenezaji", kwa kuwa kinachoongezeka hapa ni urefu wa njia anayotakiwa kutembea na bidhaa yake, upana haumo. Mwalimu alitwambia watakaoamua ni watumiaji. Kwa hiyo humu nitaandika "wajibu uliorefushwa", anayependa jingine na alitumie.

Lakini tahadhari, ndugu msomaji. Wengi wakisikia wajibu huu hudhani ni faini tu, eti kampuni tajiri ilipe. Sivyo. Kiini chake ni kalamu ya yule mchoraji anayebuni kifaa. Mnunuzi hawezi kuamua betri ishikwe kwa skrubu au kwa gundi. Kaunti haiwezi. Mwokota taka haulizwi kabisa. Mwenye uwezo huo ni mmoja, naye ndiye aliyekuwa halipi chochote. Ukimtwika gharama ya mwisho, atafikiri upya mwanzoni.

Nilikwenda kuhakikisha jambo hili kwa fundi wa simu pale stendi. Alinifungulia simu mbili. Ya kwanza, ya zamani ya vibonye, aliifungua kwa ukucha na betri ikatoka. Ya pili aliipasha moto kwa hewa ya joto, akaiwekea petroli kidogo, akaichokonoa kwa kadi ya plastiki robo saa nzima.

"Wameigundisha hivi kwa nini?" nikamuuliza.

"Ili usirudi kwangu, kijana," akajibu. "Urudi dukani."

Pengine kampuni zingesema gundi ni ya kuzuia maji, na katika hilo kuna ukweli. Hata hivyo Umoja wa Ulaya umekwisha kuamua: kanuni yake ya betri ya mwaka 2023 inataka kuanzia Februari 2027 vifaa vya mkononi viwe na betri ambazo mwenyewe aweza kuzitoa na kubadilisha. Kumbe inawezekana, ila palihitajika sheria.

PESA INATOKA WAPI?

Nchi zilizotangulia hazikufuata njia moja, na tofauti zao ndizo zenye funzo.

Uswisi ilianza mapema. Mfumo wa wauzaji kompyuta ulianza mwaka 1994, na sheria ya 1998 ikawataka wenye maduka kupokea vifaa vilivyokufa bila kumtoza mtu. Ada hulipwa siku ya kununua, ikiwa imo ndani ya bei. Siku ya kutupa, raia anaubeba mzigo wake, anauacha dukani, anakwenda zake.

Wajapani walifanya kinyume. Sheria yao ilipitishwa mwaka 1998 ikaanza kazi mwaka 2001, ikihusu televisheni, friji, mashine za kufulia na viyoyozi. Viwanda ni lazima vichakate, na mwenye duka ni lazima apokee, lakini ada hulipwa na raia siku anayotupa. Kwa hakika viwanda vyao vilijenga mitambo hodari ya kubomoa. Tatizo ni ile ada ya mwisho: mtu akiona atalipia kutupa, baadhi hungoja usiku wakaitupa friji porini. Sasa hebu fikiria mtindo huo uletwe kwetu. Nani atabeba televisheni mbovu kutoka Kawangware kisha alipe ndipo ipokewe, ilhali mtu wa vyuma kuukuu yuko mlangoni na noti mkononi?

Umoja wa Ulaya ulitoa agizo lililoanza kutumika mwaka 2003, na tangu Agosti 2005 watengenezaji ndio wanaogharimia ukusanyaji na uchakataji. Geuza kikokotoo chako au chaja uitazame kwa chini. Ukiona picha ndogo ya pipa lenye magurudumu lililopigwa mkasi, basi hiyo ndiyo alama ya agizo lile: usinitupe na taka za kawaida. Nilihesabu katika bweni letu, vifaa kumi na saba kati ya ishirini na tatu vilikuwa na pipa hilo. Alama imesafiri hadi hapa. Huduma iliyo nyuma yake haikupanda meli.

Kuna mtego mwingine ambao lazima tuuelewe kabla ya kupiga makofi. Kampuni nyingi hazitaki kila moja iwe na lori lake, kwa hiyo hujiunga na kuunda shirika moja la kuzikusanyia. Ni jambo la busara. Lakini tazama hesabu hii, ambayo ni mfano wangu tu wala si bei ya sokoni. Tuseme simu yenye skrubu hubomolewa kwa shilingi 60 na yenye gundi kwa shilingi 140. Shirika likitoza kila simu shilingi 100 sawasawa, basi yule aliyetengeneza vizuri anamlipia shilingi 40 yule aliyetengeneza vibaya. Kalamu ya mchoraji haitasogea hata kidogo. Ndiyo maana nchi kama Ufaransa hupandisha na kushusha ada kulingana na ubora wa bidhaa: kinachorekebishika kwa urahisi hulipiwa kidogo. Bila hilo, wajibu uliorefushwa hugeuka kuwa ushuru wa kawaida wenye jina refu.

SHERIA TUNAYO

Wengi hawajui kwamba Kenya imo katika safari hii. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, ambayo inamtaka kila mzalishaji abebe wajibu uliorefushwa, peke yake au kwa kujiunga na wenzake. Kanuni za kuufafanua wajibu huo zilitolewa mwaka 2024, na msimamizi ni Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA.

Tusiichanganye sheria hii na ule ushuru wa mazingira uliokuwamo katika Mswada wa Fedha wa mwaka 2024, mswada ulioondolewa mwezi wa Juni baada ya maandamano. Kelele zilipopigwa, wengi tulidhani yote yameenda pamoja. La. Tofauti ni kubwa, tena iko mahali penye uzito. Ushuru ule ungeingia hazina ya serikali, na hakuna aliyeweza kukuahidi kwamba shilingi yako ya simu itaondoa simu yako jalalani. Katika wajibu uliorefushwa, fedha inatakiwa ikae na kazi yenyewe: malori, mabohari, wabomoaji waliofunzwa. Mtu aweza kuupinga ushuru na kuunga mkono wajibu bila kujipinga mwenyewe, nami ni mmoja wao.

Jambo lililonifurahisha katika sheria hiyo ni namna inavyomweleza mzalishaji. Ingesema tu "mwenye kiwanda", tungebaki tunaelekeza kidole Asia na Ulaya, kwa sababu vifaa vyetu karibu vyote hutoka nje, ingawa tangu mwaka 2023 kuna kiwanda cha kuunganisha simu Athi River. Sheria imepanua neno likamkumba anayeingiza bidhaa nchini, anayeifungasha upya, na anayeibandika jina lake. Kwa maneno mengine, yule mwenye kontena pale Mombasa ndiye mtengenezaji wetu machoni pa sheria. Ng'ambo yuko mbali. Kontena limepita forodhani na lina karatasi.

Papo hapo ndipo penye ugumu. Vifaa vya mitumba vinaingia kwa wingi, na kifaa cha mtumba kimebakisha umri mfupi. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 ulikusudiwa kuzuia nchi tajiri zisimwage taka zao za sumu kwa maskini, na Afrika ikaongeza mkataba wake wa Bamako mwaka 1991. Lakini taka ikiandikwa "kompyuta iliyotumika" hupita. Tangu Januari 2025 mkataba wa Basel unataka taka yoyote ya elektroniki, iwe ya sumu au isiwe, isivuke mpaka kabla nchi inayopelekewa haijajulishwa na kukubali. Ni hatua. Ila mkaguzi wa bandarini bado atalazimika kujua iwapo kompyuta iliyo mbele yake ni mzima au ni maiti, na sidhani aweza kuziwasha zote.

Halafu kuna mayatima. Mbili kati ya kompyuta zetu 27 zina jina la kampuni ambayo mwalimu wa kompyuta anasema ilikwisha kufa. Utamtwika nani? Ulaya iliamua kwamba mzigo wa vifaa vya kale ugawanywe kwa kampuni zilizo sokoni leo, kila moja kwa kadiri ya mauzo yake. Zilinung'unika, bila shaka. Lakini ukiwa umerithi soko la marehemu, mbona usirithi na madeni yake?

KUCHAKATA NAKO KUNA KUCHAKATA

Nisingependa msomaji adhani kwamba mradi taka zimefika kiwandani basi mambo yamekwisha. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, watatwambia vingine. Pale palikuwa na kiwanda cha kuchakata betri kuukuu za magari ili kutoa risasi. Moshi na maji yake viliingia nyumbani mwa watu. Watoto walipimwa damu wakakutwa na risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda ngazi, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaithibitisha haki yao. Kiwanda kile kilikuwa kinachakata. Kwenye karatasi kilikuwa upande wa wema.

Kwa hiyo fedha za mtengenezaji zinapaswa kwenda kwa anayefanya kazi kwa usalama, na anayejua kazi yenyewe hapa kwetu mara nyingi ni mtu wa jua kali. Hilo linanitia wasiwasi kidogo. Shirika la kampuni likishika zabuni zote, yule fundi wa stendi na yule mwokota wa jalalani watafukuzwa kwenye mali waliyoishi nayo, kisha waitwe waharibifu wa mazingira. Ingefaa walipwe kwa kilo kupeleka kioo na plastiki, vile vile wanavyolipwa shaba. Kijana atachoma waya kwa sababu moto unampa pesa. Mpe pesa zaidi kwa waya usiochomwa, uone kama atatafuta kiberiti.

Turudi shuleni. Nairobi kuna kituo cha kuchakata taka za elektroniki kilichotokana na mpango wa kuzipatia shule kompyuta. Tumewaza kukipelekea mzigo wetu, lakini lori la kubeba kompyuta 27 na printa nne si nauli ya mtu mmoja, na bajeti ya shule haina safu ya "kutupa". Chama kikapiga kura. Tuliandika barua tatu: moja kwa wafadhili, moja kwa kampuni ambayo jina lake liko juu ya kompyuta kumi na nne kati ya zile, na moja kwa wakala wake hapa nchini, tukitaja sheria ya mwaka 2022. Katika barua hizo hatukuomba msaada. Mwalimu alitusahihisha mara mbili, akafuta kila mahali tulipoandika "tunaomba mtufikirie", akaweka "tunawafahamisha kwamba mali yenu iko tayari kuchukuliwa".

Wakala amejibu. Anasema hana kumbukumbu ya kuziingiza nchini, na anataka namba za nyuma ya kila kifaa. Jumamosi iliyopita tuliingia stoo tukiwa na glavu na vitambaa puani, tukaziandika zote 31, printa zikiwamo. Shosho alikuja kutazama akiwa mlangoni. Aliuliza kama sasa zitaondoka kabla ya mvua, kwa kuwa paa la chumba kile linavuja na maji yake huteremka shambani. Tulimwambia barua ya pili inatoka Jumatatu.